Milango Miwili ya Shija

Mke mwenzangu Veronika,

Ungekuwa hai ningengoja shikamoo yako kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyetangulia katika kaya hii. Sasa wewe umenitangulia huko uliko, na sijui nani amwamkie nani. Basi tuyaache. Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyosemezana siku zote, wewe Mzinza usiyetaka kujifunza Kisukuma changu, na mimi nisiyetaka kujifunza cha kwenu.

Mwanao Masanja hajambo. Ananiita mayu kama mama aliyemzaa, ananifuata mpaka kisimani, ananishika kitenge nikisaga. Lakini akijikwaa analia kwa Kizinza. Nimemlea tangu siku ile nyoka alipokugonga tukichuma pamba, na bado kilio chake ni chako. Inaniuma, sikufichi.

Mume wetu amerudi kutoka mgodini Geita. Mbele za watu namwita Baba Masanja, kama inavyotakiwa, na kila nikimwita hivyo ni kama nakutaja wewe. Humu kwenye barua nitamwita Shija, jina alilokuwa nalo kabla hajakuona.

Unakumbuka nilivyokuwa nikidai haki? Ukipewa jembe, nami jembe. Ukipewa kanga, nami kanga, na nilikuwa nikizilaza pamoja nione isije yako ikawa pana zaidi. Ndipo siku moja ukarudi kutoka dispensari ya Kishapu na pamba umeibana kwenye kiwiko, mimba ya Masanja ikiwa bado changa, ukasema dresa anayetibu pale amekuchoma sindano. Mimi ambaye mimba mbili zilikuwa zimenitoka, sikuchomwa na mtu! Nikajua Shija amekununulia dawa ya kushikilia mimba isitoke, akaninyima. Nilivyopiga kelele, hata majirani waliacha kutwanga.

Kesho yake nikaenda mwenyewe. Nikamnyooshea dresa mkono nikamwambia, "Nami nipe yangu, sisi ni wake wa mtu mmoja." Akacheka mpaka akaiweka sindano chini. Akanieleza kuwa ile sindano haitii dawa, inatoa damu, ipelekwe hospitali Shinyanga mjini wakaitazame kama ina kaswende. Nikamjibu, basi itoe. Alichotolewa Veronika nami nitolewe.

Majibu yaliporudi tukawa sawasawa kwa mara ya kwanza. Wote wawili tunayo. Tulirudi njiani tumeshikana mikono, na sijawahi kukupenda kama siku ile, ingawa haikufika hata jioni. Dresa alisema huenda ndiyo iliyokuwa ikinitoa mimba. Tena akasema, "Nyumba yenu ina mafiga matatu, nikiyatengeneza mawili tu chungu kitamwagika vilevile. Shija naye aje, apimwe, achomwe sindano za dawa kama ninyi."

Nilimwambia mimi, kama mke mkubwa. Nilimwambia kwa heshima, nimepiga magoti, na chakula mbele yake. Akasema damu yake haina neno, akaenda kwenye pombe. Wewe hukumwambia kitu. Ulifunga mlango tu. Akavuka ua kuja kwangu, nami nikakusikia ukiita kutoka ndani kwako, "Dada Minza, ukimfungulia umejiua mwenyewe." Veronika, nilitamani kumfungulia. Alikuwa kwako msimu mzima! Lakini nikalitia komeo, nikakaa nimelishika kwa mkono. Akalala na ndama. Asubuhi akapanda baiskeli kwenda kwa dresa, na watu wote wakasema yule Mzinza ndiye mwanamke, amemweza mume. Mlango wangu hakuna aliyeutaja.

Sasa sikiliza. Nina mimba, na hii haijatoka. Imekua, inacheza, wakati mwingine inanipiga teke hadi nacheka peke yangu jikoni. Kwa hiyo Shija aliporudi juzi nilimwambia aende kwanza kwa dresa, maana mgodini amekaa miezi na mimi simlindi. Akakataa kama ile mara ya kwanza. Nikafunga mlango wangu.

Unajua alikwenda wapi? Kwako. Mlango wako hauna tena wa kuufunga. Akatandika ngozi yako, akalala, asubuhi akatoka akipiga mluzi. Mwanamume mwenye pa kulala ana haraka gani ya kupimwa? Nilisimama uani na kibuyu cha maziwa nikiionea wivu nyumba tupu. Hata ukiwa kaburini bado unampokea!

Jana mchana, yeye akiwa mnadani, nilimchukua Masanja na mkeka wangu nikahamia kwako. Mlango wangu nikaupiga kufuli kwa nje, wako nikautia komeo kwa ndani. Jioni akaja. Akasukuma wako, akavuka ua akasukuma wangu, akarudi tena. Masanja akataka kumwitikia baba yake, nikamziba kinywa kwa kiazi. Nikamsikia Shija akisema, "Hii ni akili ya Veronika." Akaenda kwa ndama.

Leo asubuhi ameoga, amechukua baiskeli, amekwenda Kishapu. Nimemwona kwa macho yangu akiinama kufunga mnyororo. Mimi ndiye niliyefunga milango yote miwili, mimi ndiye ninayeumwa mgongo kwa kulala chini na tumbo hili, na sifa amekupa wewe. Tena kabla hajapanda ameniambia mtoto akiwa wa kike aitwe jina lako. Nimemwambia damu kwanza, jina baadaye.

Lala salama, mwenzangu. Kila atakaporudi kutoka Geita nitaufunga mlango wangu na nitakufungia wako, mpaka dresa aseme yu safi. Hilo nakuahidi, na Masanja hatakosa kitu mkononi mwangu. Na huyu akizaliwa mzima nitamleta hapo kaburini kwako umwone. Umwone tu, Veronika. Huyu ni wangu.

Mkubwa wako,
Minza