Jibu la Swali la Saba

Kaka Zakaria,

Kamwene. Hali sikuulizi, maana nimetoka kaburini kwako sasa hivi. Nimeng'oa majani kwa hasira mpaka mama akanikataza, eti nang'oa na maua yake.

Nimefaulu. Ule mtihani wa ukarani wa baraza, ambao wewe ulikuwa ukinipigia kelele niufanye tangu nina kaptula moja. Jumatatu naanza kazi Makambako, na nikifanya vizuri watanipeleka kusomea sheria. Baba mdogo kachinja jogoo. Mimi sikuweza kumeza hata kipande, na nitakwambia kwa nini. Usinikatize, leo nakusema na wewe pia.

Unakumbuka ulivyonifundisha maswali ya "ikiwa"? Tulikuwa bondeni tunapalilia viazi. Ukasema, "Mama akipika ugali, moshi hutoka paani. Haya, moshi ule pale. Je, ugali upo?" Nikasema upo, tena nikatupa jembe nikakimbia na njaa yangu. Nikamkuta mama anafukiza mahindi darini yasiingie wadudu, machozi yanamtoka, chungu kitupu. Niliporudi ulikuwa umekaa kwenye tuta unacheka. "Ugali ukipikwa, moshi utauona. Lakini ukiuona moshi, ugali haijulikani kama upo. Usigeuze, bwana mdogo." Usigeuze, usigeuze! Ulinisumbua na neno hilo hadi nikalichukia.

Kisha ukaenda mkonge ili mimi nibaki shule. Mkataba ukaumaliza wote. Cheti cha kumaliza ukakitia mfuko wa shati, mvua ikakupiga njiani, ukafika Makambako kimekuwa uji. Siku ya soko askari wa baraza wakakukamata, wakisaka waliotoroka mikataba. Yule mkuu wa ofisi ya baraza, tuliyemwita Bwana Kalamu kwa zile kalamu zake tatu kifuani, akakwambia, "Watoro wote hawana cheti. Wewe huna cheti. Basi wewe mtoro." Nilikuwa nimesimama dirishani, nilisikia kila neno. Na wewe, kaka yangu, ukajibu kwa adabu zako zote: "Bwana, hapo haijulikani."

Kwa nini, Zakaria? Ungelia. Ungepiga magoti kama wenzako. Nani alikutuma ukamfundishe kazi mtu mwenye funguo za mahabusu? Akaona ni ujeuri. Wiki tatu zikawa sita, za kuponda kokoto barabarani Njombe, mwezi wa baridi kali, bila blanketi. Ulirudi unakohoa, kichomi kikakumaliza viazi vikiwa bado ardhini. Matanga hayajaondolewa, barua ikaja kutoka kule kwenye mkonge: alimaliza mkataba wake, alikuwa mfanyakazi mzuri. Mfanyakazi mzuri! Nusura niitafune ile karatasi.

Sasa sikia. Siku ya mtihani nimefika swali la saba, nalisoma: "Watoro wote hawana cheti. Ali hana cheti. Je, Ali ni mtoro?" Nilidhani macho yananidanganya. Nikaandika "Haijulikani", nikaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Jana Bwana Kalamu kaniita ofisini. Kagonga swali la saba kwa kidole. "Hili nimelitunga mwenyewe," kasema. "Wengi wamegeuza. Wewe una akili safi."

Alijua, kaka. Siku zote alikuwa analijua jibu! Miaka yote hii nilimchukia nikidhani ni mjinga tu, na mjinga labda ningemsamehe siku moja. Wewe ulilisema, akakupeleka kwenye kokoto. Mimi nimeliandika, kanipa kazi.

Na mimi nikamjibu nini? "Ahsante, Bwana." Nikainama na kuinama. Hicho ndicho kilichonikaa kooni, siyo nyama ya jogoo. Nimejitukana njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mama hataki niende. Anasema ofisi ile imeshakula mtoto wake mmoja, inatosha. Baba mdogo anasema nikikataa nitakuwa nimekuua mara ya pili. Wamegombana mpaka wamenuniana.

Nitakwenda. Nimesikia wapo watu wawili mahabusu Makambako, wamekamatwa sokoni, vyeti hawana. Jumatatu daftari la mashtaka litakuwa mbele yangu, na Bwana Kalamu atakuwa amesimama nyuma yangu ananiambia niandike "mtoro". Nitaandika neno lako. Halafu nitalisoma kwa sauti, wote wasikie, na "Bwana" sitaweka mbele yake.

Wakinifukuza, jembe langu lipo. Nimekuahidi, na mama kanisikia nikikuahidi. Aliingia ndani.

Kwa heri, kaka. Naogopa, sikufichi. Nimerudi nikakuta mama amenifungia mzigo wa safari, na juu yake kaweka blanketi.

Mdogo wako,
Elia