Ngano Ndiyo Iliyokuwa Ikimmaliza Mariamu

Baba Mariamu,

Nakusalimu kutoka Embu, ambako mvua na ukungu havijatuachia tangu tufike. Mtoto yu hai. Daktari alimpima, akamwagiza dresa wake, yule Mmbeere anayemsaidia kutibu wagonjwa, aniulize mtoto anakula nini. Nikajibu kwa fahari kwamba babake ni muoka mikate kule Majengo, kwa hivyo mkate haukosi.

"Mama, hiyo ngano ndiyo inamharibu tumbo," dresa akasema. "Asiile tena maisha yake yote."

Wiki ya tatu sasa anakula ndizi na uji wa mtama tu. Kuhara kumekoma, na jana alitembea mwenyewe hadi mlangoni. Nililia. Kaka yake Idi alivimba tumbo vivyo hivyo, nasi tukazidi kumlowekea mkate kwenye maziwa apate nguvu, mpaka akatutoka. Hatukujua, mume wangu.

Kwa hii Hali ya Hatari, pasi yangu ya kusafiria inaisha Jumamosi. Tutafika siku hiyo, askari wakituruhusu njiani. Ijumaa nenda kaburini ukamsomee Idi Fatiha. Mwambie mamake anakuja kumwomba radhi.

Mungu akutunze.
Mkeo, Zuhura