Shemeji Yako Haoni Tena Rangi za Waya

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Natumai wewe na watoto mmeamka salama. Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ila moyo wangu haujatulia. Shemeji yako haoni tena rangi za waya. Anapapasa kwa vidole, na wateja hawajui. Nikimwambia apumzike, anajibu, "Fundi akipumzika, na sufuria inapumzika." Wewe unafundisha umeme chuoni. Nifundishe kwa barua niwe macho yake. Ila kumbuka, mimi na hesabu tuliachana darasa la saba, na hakuna aliyelia.

Dada yako

15 Machi

Dada, shikamoo.

Sote wazima, watoto wanakusalimu. Anza hivi: umeme hutoka, hufanya kazi, hurudi. Njia ikikatika popote, hakuna kitu. Kwenye kiungo, pale waya zinapokutana, umeme unaoingia ndio unaotoka, haupotei hata punje. Kipimo cha umeme cha shemeji kikilia tii, ujue vitu viwili vimeungana. Hapo pima umeme ukiwa umezimwa. Volti, yaani msukumo wa umeme, gusa ncha mbili za betri. Ila ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, kata njia, kipimo kikae katikati. Usichanganye, tafadhali!

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Amani ya Mungu iwe kwenu. Nimechanganya. Nilitaka kupima ampea, nikagusa ncha mbili za betri kubwa. Kipimo kikafuka moshi. Shemeji yako akauliza kutoka chumbani, "Mama watoto, leo tunakula plastiki?" Nikalia. Kipimo kile ndicho kilichokuwa kikimwambia kwa sauti asichokiona. Jana alikwenda bila hicho kufunga waya za mashine ya kusaga. Jumamosi anarudi kuiwasha. Nikimwambia mwenye mashine ukweli, hakuna atakayemwita tena. Nifanye nini?

Dada yako

10 Aprili

Dada, shikamoo.

Salamu nyingine baadaye. Heri aibu kuliko jeneza. Mwambie mwenye mashine leo hii. Dereva wa basi anakuletea kipimo changu.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi wazima, na hilo si dogo. Nilimwambia mwenye mashine. Naye akamzuia mume wangu mlangoni, mbele ya watu: "Mzee, kapumzishe macho." Tangu siku hiyo akila ananiambia "asante", basi.

Jumatatu nilifuata vifaa vyake kwenye mashine. Fundi mwingine aliyeitwa alikuwa hajafika. Nikazima swichi kuu, nikaweka ncha moja ya kipimo chako kwenye waya wa moto, ule unaoleta umeme, nyingine kwenye bodi ya chuma ya mashine. Kikalia. Nilikaa chini palepale kwenye unga. Waya wa kijani, ule wa kwenda ardhini, na ule wa moto alikuwa amezibadilisha mahali. Kwa vidole zinafanana. Ingewashwa Jumamosi ile, wa kwanza kuigusa angekuwa yeye. Nikazirudisha mwenyewe, nikapima tena. Kimya. Fundi mpya akaja, akakagua, akawasha. Inasaga.

Juzi ndipo mume wangu aliponisemesha: "Ile kazi niliifunga vizuri kabisa, unajua?"

Nikamwambia, "Najua, baba."

Mungu anisamehe. Nawe ukija, mwambie hivyohivyo.

Dada yako