Msamaha Hautumwi kwa Posta

Montreal, 6 Agosti 1998

Mjukuu wangu Solika,

Hujambo mwanangu? Unakula vizuri huko? Mimi mzima, ila magoti ndiyo mabwana zangu siku hizi.

Barua yako ya Sefrou, mji wetu wa zamani, nimeisoma mara nne. Kumbe alama ya mezuza, kile kijaluba cha maandiko, ingali kwenye mwimo wa mlango wetu, kule Mellah, mtaa wetu wa Wayahudi! Nimelia, sikufichi.

Sasa nakutuma. Nje ya lango la mtaa, nyumba ya kwanza karibu na mto, muulize Lalla Yamna, jirani yetu Mwislamu. Nilipougua homa ya matumbo baada ya kumzaa baba yako, yeye ndiye aliyemnyonyesha miezi mitatu. Mwaka wa 1967 tulihama alfajiri, nami sikumuaga. Niliogopa macho yake. Siku ya Toba inakaribia, na unajua: tuliyomkosea Mungu, Mungu husamehe; ya jirani, mpaka jirani mwenyewe akubali, na tunamwomba hata mara tatu. Niombee msamaha kwake, mama. Sitaki kufa na jambo hili.

Bibi yako, Freha

Sefrou, 20 Agosti

Bibi mpenzi,

Nakubusu mkono. Magoti yanaendeleaje?

Nimempata! Kanishika kidevu: “Pua ya Freha hii, pole mwanangu.” Kanipeleka kwenye tanuri mlikokuwa mkilaza vyungu vya Sabato. Eti chako kilizidi mdalasini.

Nikaomba msamaha kwa niaba yako. Akasema hapana. Jana nimerudi kuomba tena. “Msamaha hautumwi kwa posta,” kasema. “Aliniondolea mwanangu bila hata kuniacha nimbusu. Aje mwenyewe, na aje naye.”

Bibi, limebaki ombi moja. Nifanyeje?

Mjukuu wako, Solika

Montreal, 3 Septemba

Solika wangu,

Salamu nyingi. Usimwombe tena! La tatu ni langu.

Nimemsomea baba yako barua yako. Akauliza tu, “Mama Yamna yu hai?” Kisha akaenda kukata tiketi. Tutafika tarehe 24, mwaka wetu mpya wa Kiyahudi ukishaingia. Naogopa, mjukuu wangu. Akinikatalia usoni je?

Na mwambie mdalasini haukuzidi hata siku moja.

Bibi yako

Sefrou, 15 Septemba

Bibi,

Natumaini u mzima. Barua hii itafika Montreal ninyi mkiwa huku.

Nilipomsomea yako, Lalla Yamna aliketi chini, akajifunika uso kwa shungi. “Mjinga yule,” kasema. “Nilimsamehe kabla basi lao halijavuka daraja.”

“Mbona basi umenikatalia mara mbili?”

“Ningekubali, angekuja?”

Kaniapisha nisikwambie kabla hujafika. Nami siwezi kukuficha jambo siku hizi za toba, basi nimeliandika likufuate polepole. Utalisoma ukirudi.

Leo amefua mablanketi yote ya nyumba. Kila gari likisimama anatoka mlangoni, ingawa nimemwambia bado siku tisa.

Mjukuu wako akupendaye, Solika