Herufi Moja ya Baroni wa Mwisho

Merryn, nimeharibu.

Nilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, nawasomea watu kijitabu nilichoandika kuhusu akina Thrapley, ukoo uliorithishana cheo cha baroni. Nikafika kwa baroni wa mwisho: "Alikufa bila mtoto, na cheo kikafa naye."

Bi Winifred akainuka. Miaka tisini, na fimbo yake. "Bila mtoto? Mama yangu alikuwa binti yake. Au mnataka kusema alikuwa mwana haramu?"

Watu wakacheka, Merryn. Wakacheka. Mmoja akasema, "Hata mabaroni wana siri zao, bibi." Bi Winifred akatoka peke yake.

Nimerudi kwenye nasaba ya zamani niliyoinakili. Imeandikwa s.p.m., kifupi cha Kilatini, yaani alikufa bila mtoto wa kiume. Mimi nilinakili s.p., bila mtoto kabisa. Niliruka herufi moja. Cheo kilikufa kwa sababu binti hakuruhusiwa kukirithi, si kwa sababu hakuwepo.

Sasa niko mlangoni kwa Bi Winifred. Nimebisha mara nne. Redio inasikika ndani, yeye hajibu. Unajua moyo wake ulivyo mgonjwa. Naogopa nimemuua.

Subiri.

Amefunua tundu la kutumbukizia barua mlangoni. "Nani?"

Nikataja jina langu.

"Lako nalijua. Mama yangu alikuwa nani?"

"Edith, binti halali wa Baroni Thrapley."

"Kwa sauti, kijana. Majirani hawajasikia."