Zulia la Sanda

Bălți, Moldova
9 Machi

Mdogo wangu mpendwa Viorica,

Pokea salamu za nyumbani. U hali gani huko Padova, Italia, na mgongo je? Bado unamwinua peke yako yule bibi unayemtunza? Sisi wazima, ukiondoa miguu yangu. Nimechoka, mdogo wangu, uchovu wa kulala nao na kuamka nao. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu binti yako Sanda huniganda begani akidaka kila neno.

Jumamosi nilimpeleka Sanda kwenye maonyesho ya ubunifu, pale shuleni. Nilikuwa nimeshona vifuniko vya viti vya magari wiki nzima na hamu yangu ilikuwa kitanda tu, lakini alinisumbua tangu Krismasi. Watoto huunda vitu mezani, na sisi wakubwa hukalishwa kwenye viti vya chekechea. Nililala na kipande cha mkate wa jibini mkononi.

Kuamka, nikakuta ameshamaliza. Zulia la mlangoni: foili juu, foili chini, sifongo yenye matundu katikati, betri na kengele. Ukilikanyaga, mtaa mzima unajua. Nikasema afadhali, kuliko ile roboti ya meza ya jirani, ya kufagia isiyofagia.

Doina, msichana aliyewasimamia, akamwuliza, "Hii ya kunasia wezi, siyo?"

"Wezi waje tu, kwani tuna nini? Hii ya mama."

"Kha! Mama yako mwizi?"

"Hapana. Yeye huwa anaondoka nikiwa nimelala."

Meza nzima ikacheka. Mimi sikuweza.

Najua kila nyumba hapa hufanya hivyo. Basi la Italia huondoka alfajiri, mtoto huachwa usingizini asilie, nasi tunaona tumemhurumia. Kulia analia, Viorica, ila wewe unakuwa umeshavuka mpaka. Anayemsikia ni mimi.

Sasa zulia liko mlangoni petu. Nikitoka kwenda kazini linalia, naye anaita kutoka kitandani, "Mama mkubwa, unarudi?" Namwambia jioni. "Haya," anasema, analala tena.

Basi lile ombi lako, kwamba ukija likizo ya Pasaka, usiku wako wa mwisho hapa nimpeleke Sanda akalale kwa Zinaida, mama yake wa ubatizo, sitalitimiza. Usinikasirikie, sina nguvu za kugombana. Utalikanyaga zulia kama sisi sote, aamke, umuage, alie kifuani pako. Betri ya akiba nimeshanunua.

Zinaida anakusalimu. Shangazi Parascovia naye, anauliza kama Waitalia wamejifunza kusonga ugali wa mahindi kama wetu. Mpe bibi wako huyo salamu zangu.

Mungu akufikishe salama, na siku ya kurudi huko akupe nguvu za kuaga.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa hoi,
Glafira