Baba, Mguu Wako Haukuwa wa Mbuzi

Baba,

Salamu ya kwanza ni ya Mama, maana yangu naona haya kuitanguliza. Mama mzima. Bado anaamka kabla ya adhana, bado anagombana na jirani kwa ajili ya maji ya bomba. Busheri, duka lako la nyama, tumemwachia Ba'mdogo Swedi, na mdogo wako anakata nyama kama mtu anayepasua kuni. Ungemwona ungemnyang'anya kisu. Milio ya risasi imepungua hapa Buyenzi, ingawa jioni bado tunafunga milango mapema. Wateja wako wa kule mlimani Kiriri wameanza tena kuteremka na magari yao siku ya Ijumaa kutafuta maini. Wanakuulizia. Tukiwaambia, wanazima redio ya gari, halafu wanataja kilo wanazotaka.

Mimi niko wodini sasa. Lile koti jeupe ulilokuwa unalisubiri, nalivaa kila siku. Ningependa nikuandikie habari za koti tu, nikuchekeshe, basi. Lakini siwezi, Baba. Kuna jambo la miguu yako linanikaba, na kama sikukwambia wewe sijui nitamwambia nani.

Unakumbuka mwaka ule wa masomo ya udaktari, nilipoanza kusoma habari za ubongo na neva? Walimu wengi walikuwa wamekimbia vita, kitabu kimoja tunakigombania darasa zima. Nilirudi nyumbani nikilia kwamba nitafeli. Kesho yake ukaingia na kapu, ukatoa kichwa cha mbuzi, ukakiweka juu ya meza ya kulia chakula. Mama alipiga ukelele mpaka majirani wakaja mbio. Wewe ukanitazama na kicheko chako kile: "Dogiteri, mwalimu wako huyu hapa. Huyu apana kimbia vita."

Ulipasua fuvu kwa shoka dogo, taratibu, bila kugusa kilichomo ndani. Nilikuwa sijawahi kukuona mpole hivyo na mfupa. Nikaanza kukuonyesha na kijiti cha kiberiti. Hapa ubongo mkubwa, nusu mbili zimekunjwakunjwa. Hapa nyuma ubongo mdogo, unaomsaidia mbuzi asiyumbe akitembea. Hapa chini shina la ubongo, linalomfanya apumue hata akiwa amelala. Siku nyingine ukaleta mgongo mzima, ukaupasua katikati, ukavuta ule uzi mweupe mrefu unaoshuka ndani ya mifupa. Nikakueleza kwamba uzi huo umeungana na ubongo juu, na kwamba katikati ya pingili na pingili zinatoka neva, moja kulia moja kushoto, kwenda miguuni, tumboni, kila mahali.

Ukauliza kwa nini mweupe. Nikasema ni mafuta. Ndani mna mikia ya seli. Seli ya neva ina kiwiliwili kidogo chenye matawi ya kupokea habari, halafu ina mkia mmoja mrefu wa kuipeleka mbele. Mikia mingine inatoka kiunoni mpaka kidole cha mguu. Kuna seli nyingine ndogo, kazi yake ni kuilisha na kuizungushia mafuta, ili habari ikimbie. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Seli moja tu, kutoka kiuno mpaka kidole? We mutoto, unanidanganya mi muzee!"

Ni wewe uliyeuliza habari za mguu. Ulitaka kujua kwa nini mbuzi, kisu kimeshapita, damu imeshamwagika, bado anarusha mguu. Ulikuwa umeliona jambo hilo maisha yako yote na hakuna aliyewahi kukueleza. Nikakueleza mimi, Baba, na nilivimba kichwa siku ile! Nikasema habari inaingia kwa neva moja kutoka kwenye ngozi, inafika kwenye ule uzi wa mgongo, inarukia seli nyingine, inatoka kwenda kwenye msuli. Haipandi kichwani. Mguu unaruka na mbuzi mwenyewe hana habari. Ukaenda kulitangaza machinjioni kote. Wachinjaji wenzako wakawa wananiita Profeseri Mbuzi nikipita, na wewe unasimama hapo umejaa furaha, kisu mkononi.

Halafu ikaja asubuhi ile ya risasi sokoni. Watu wote walitupa mizigo wakakimbia. Wewe ulikuwa na paja zima la ng'ombe begani na hukutaka kulitupa, kwa sababu nyama kwako haikuwa kitu cha kutupwa. Ulikimbia nalo. Ukateleza ukaangukia mtaroni kwa mgongo, paja likakuangukia juu. Walikuleta hospitali umelazwa juu ya mlango wa duka, na hata hapo ulikuwa unauliza nyama iko wapi.

Daktari aliyekupokea alikuwa na majeruhi mpaka sakafuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Lakini alikutazama vizuri. Alisema mfupa umevunjika na ule uzi umeumia, kiasi gani hajui bado, kwa sababu ya uvimbe. Miguu ilikuwa haina habari yoyote siku hiyo. Akasema uvimbe ukipungua tukurudishe akupime tena. Mama hakusikia vizuri, alikuwa analia. Mimi nilisikia.

Nikakurudisha nyumbani. Na siku moja asubuhi ukaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu uanguke: "Zuhura! Zuhura we! Njoo uone, kidole kimeruka!" Mama alikuwa amevuta shuka, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kikaruka. Uso wako ulikuwa unang'aa, Baba. Nilisimama mlangoni na kitabu mkononi. Nikakuambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa zawadi: "Baba, ule ni kama mguu wa mbuzi. Unaruka, lakini habari haifiki kichwani."

Nikachukua kipande cha karatasi ya kufungia nyama, nikakuchorea: hapa kichwa, hapa pamekatika, hapa mguu unajijibu wenyewe. Uliitazama karatasi. Ulitazama mguu. "Ego," ukaitikia. "Nimeelewa."

Bila shaka ulielewa. Nani alikuwa amewaona mbuzi wengi kuliko wewe?

Nilidhani nakuheshimu. Nilijiambia mtu mzima anastahili kuambiwa ukweli, na mimi ndiye msomi wa nyumba hii. Tena niliogopa, Baba. Niliogopa kukuona unasubiri kitu ambacho hakiji, kila asubuhi unakitazama kidole. Nikaona afadhali nikate mara moja, kama unavyokata wewe, bila kumtesa mnyama. Sikukufunika macho nikakugusa. Sikukuuliza unasikia nini. Jambo dogo hivyo, hata chombo halihitaji.

Mama aliuliza siku gani tutakurudisha kwa daktari. Nikamwambia njia ya hospitali inapita Kamenge na Kamenge hakupitiki. Siku hiyo ilikuwa kweli. Lakini barabara ilifunguka, Baba. Ilifunguka mara nyingi, mabasi yakapita, mimi mwenyewe nikapita kwenda masomoni. Mama akiuliza nasema bado, halafu nikasema kuna faida gani, kwisha ni kwisha. Nilikuwa na vita vya kusingizia.

Tangu siku ya karatasi hukuitaja miguu tena. Ulitaka blanketi liwe juu yake hata jua likiwaka. Viatu vyako vya Idi ukampa Ba'mdogo Swedi. Ukaacha kukaa, ukaacha kumwambia Mama akuinue dirishani uone watu. Homa ya figo ikaja, kama inavyowajia wengi wanaolala chali muda mrefu, na ikakukuta hupigani. Ukaondoka.

Wiki hii tulikuwa wodini na mwalimu wetu, mama mmoja mkali, mfupi, anayetutisha sote. Mgonjwa alikuwa fundi mwashi aliyeanguka kutoka juu ya ukuta. Miguu imelala. Mwalimu akamgonga gotini kwa kinyundo, mguu ukaruka, na mimi kwa kiherehere changu nikasema: hiyo ni ya uti wa mgongo peke yake, haina maana. Alimwambia fundi afumbe macho. Akachukua chupa mbili, moja ina maji ya moto, nyingine maji ya baridi, akaweka moja kwenye unyayo. Akauliza: hii ni nini? Fundi akasema, "Ni baridi." Mwalimu akatugeukia. Mguu unaweza kuruka bila kichwa, akasema, lakini hakuna mguu unaoweza kujua baridi bila kichwa. Huyu njia yake haijakatika yote. Mazoezi yaanze leo leo.

Yallah, nilikuwa sijui hata kwa nini naogopa.

Jana magharibi nilikuwa uani na Mama. Alikuwa anajaza birika ili atawadhe. Akatia vidole, akaguna: "Maji haya! Baba yako angelalamika leo." Nikamuuliza alalamike nini. Akasema, kwani hukumbuki nilikuwa namtawadhisha? Nikifika miguuni ananiambia, pole pole Mama Zuhura, maji ya leo yana baridi.

Nikamuuliza kama ulikuwa unatazama. Apana, akasema, alikuwa anafumba macho, si yuko kwenye dua. Nikamuuliza mguu gani. Wa kushoto zaidi, akasema, mwishoni hata wa kulia kidogo. Akasema ndipo akaanza kukupashia maji, akawa anayachanganya na ya moto kwanza. Alikuwa anasimulia hivi hivi, anaendelea kujaza birika.

Nikapiga kelele, Baba. Nilimpigia Mama kelele, Mungu anisamehe. Kwa nini hukuniambia? Akanitazama kwa mshangao. Akasema ulimkataza. Ulimwambia: "Muache mutoto asome. Ameshatueleza, ni mguu wa mbuzi."

Basi ulikuwa unasikia. Ulikuwa unasikia maji ya baridi, na habari ilikuwa inapanda, inapita pale palipoumia kwa mikia michache iliyobaki, inapanda mpaka kwenye shina, mpaka kichwani kwako, mpaka mdomoni. Na ilipofika mdomoni, kwangu ukaufunga, ili usinikosoe mimi.

Sijui kama ungetembea. Pengine ungesimama kwa magongo mbele ya busheri na kumtukana Swedi. Pengine ungekaa tu dirishani. Pengine homa ingekuja vilevile. Sijui, na sitajua, kwa sababu sikukupima. Mwalimu angeniambia hilo ndilo jibu sahihi, na nimeshindwa kulala nalo.

Baba, sikuombi useme neno. Nakuahidi tu hili. Mtu yeyote atakayelala mbele yangu, kabla sijamwambia lolote la kitabuni, nitamwomba afumbe macho, nitamgusa, nitamuuliza anasikia nini, na atakachosema nitakiamini kwanza. Hata akiwa mzee mbishi. Hata barabara ikiwa imefungwa.

Kesho ni Ijumaa, mimi na Mama tunakuja kaburini kukuzuru. Mama ataomba dua upande wa kichwa, yeye anazijua ndefu. Mimi nitakaa upande wa miguu na birika. Nitamimina pole pole, Baba, na maji nitayapasha moto kwanza.

Mwanao,
Zuhura